Kwenda na watoto kwenye maporomoko ya maji msituni: kilomita 3 kwenda, 3 kurudi. Tujipangeje?

MzaziWaWatatu

Wakuu, habari zenu. Tunapanga kwenda familia nzima kuangalia maporomoko yaliyo ndani ya msitu. Tupo watu wazima wawili, bibi wa miaka 66 (ana nguvu, ila goti moja humsumbua kwenye mteremko) na watoto wa miaka 10, 7 na 4.

Njia ni kilomita 3 hadi kwenye maji, na kurudi ni hiyohiyo. Kutoka pa kuegesha gari inashuka jumla ya mita 180 hivi. Katikati kuna kijito cha kuvuka, hakina daraja. Kibao cha mwanzo wa njia kimeandikwa "rahisi, dakika 45".

Naomba kujua: tutenge muda gani hasa? Viatu gani? Na tukifika, watoto wanaweza kuingia majini? Mwenye ujuzi atupe mambo ya kufanya, siyo "kuweni makini" tu.

---

MpimaNjia

Mkuu, hizo dakika 45 ni za mtu mzima asiye na mtoto wala mzigo, tena kwa kwenda tu. Waandika vibao huwa hawatembei na mtoto wa miaka minne.

Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima iliyotolewa na Mskoti William Naismith mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yenu, kwenda ni dakika 36 na kurudi ni dakika 54. Wastani wa hizo mbili ni dakika 45, huenda hapo ndipo kibao kilipopata namba yake. Sasa weka mtoto wa miaka 4 anayesimama kwa kila konokono. Hesabu kilomita 2 kwa saa kwenda, na kilomita 1.5 kwa saa kurudi. Inakuwa saa moja na nusu kwenda, saa 2 kurudi. Ongeza saa moja na robo ya kukaa kwenye maji, jumla ni karibu saa 5.

Kwa nini kurudi ni polepole hivyo? Njia za maporomoko ni za aina mbili: zinazopanda kufuata mto kutoka chini, na zinazoteremka kutoka juu ya bonde. Yenu ni ya pili, na ndiyo inayodanganya zaidi. Mlima wote mnaulipia mwishoni, watoto wameshachoka, nguo zimelowa, na maji ya kunywa yamepungua. Mtoto anayeruka kama mbuzi dakika 40 za kwanza hajakuonyesha chochote kuhusu nguvu zake, anateremka tu.

Kwa hiyo anzeni kutembea saa 2:00 asubuhi. Mtafika saa 3:30, mtaondoka saa 4:45, na saa 6:45 mchana mko kwenye gari. Kwenye milima yenye joto, mvua za radi hupenda kujikusanya mchana na jioni, kwa hiyo mnakuwa mmeziwahi. Tena msituni giza huingia mapema kuliko kwenye uwazi, na chini ya bonde mapema zaidi.

Pangeni pia saa ya kugeuka kabla ya kuondoka nyumbani, na kila mtu mzima aijue. Mimi ningeweka saa 4:15. Ikigonga mkiwa hamjafika, mnageuka hata kama mlio wa maji unasikika. Mlio wa maporomoko husafiri mbali; kuusikia hakumaanishi mmebakiza kona moja.

---

JiweBichi

Nichukue la viatu, kwa sababu ndiyo sehemu watu hukosea wakidhani wamepatia.

Raba zenye soli laini ya mpira na meno ya wazi zinatosha kabisa kwa njia ya kilomita 6. Si lazima buti. Kinachokataa ni kandambili, yeboyebo, na raba kuukuu ambazo meno ya soli yamelika hadi imekuwa kama sahani. Gambuti nazo zinavutia kwa matope, lakini zikijaa maji kwenye kijito kila mguu unakuwa ndoo, na kisigino kinachezacheza ndani. Malengelenge yanaanzia hapo.

Kiatu cha mtoto kiwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Mteremko husukuma mguu mbele, na kiatu kinachobana kitamchubua kucha kabla hamjafika. Kazeni kamba kwenye kifundo kabla ya kuanza kushuka, zilegezeni kidogo wakati wa kupanda. Kisiwe kipya siku hiyo. Kivaliwe wiki moja kabla.

Sasa utelezi. Wengi wanaogopa jiwe lenye majani laini ya kijani yaliyoota kama zulia. Hilo linateleza, ndiyo, lakini angalau linaonekana. Baya zaidi ni jiwe jeusi linalong'aa, linaloonekana tupu. Lina ukoga mwembamba ambao hauonekani kwa macho, na ukilowa hakuna soli inayoushika. Mipaka yake ni rahisi kuitambua: pale ambapo manyunyu ya maporomoko yanafika usoni mwako, ujue na mawe yote ya hapo yamelowa muda wote na ukoga umeota.

Mizizi ni vilevile. Mzizi ulio wazi, uliochunwa gome na nyayo za watu, ukilowa ni kama sabuni. Fundisheni watoto jambo moja tu: mzizi unarukwa, haukanyagwi. Na gogo lililolala kando ya njia au juu ya kijito si daraja.

Penye utelezi, hatua fupi, unyayo mzima chini, magoti yamekunjwa kidogo. Kukanyaga kwa kisigino kwanza ndiko kunakowaangusha watu wazima. Watoto wako chini kwa kimo, wakianguka huwa wanakaa tu.

---

MzaziWaWatatu

Asanteni sana, nimebadilisha ratiba tayari. Swali: huyu wa miaka 4 nikimbeba mabegani sehemu za mawe si ndiyo salama zaidi? Na la kuogelea bado halijajibiwa.

---

JiweBichi

Mabegani hapana kabisa. Mtoto akiwa juu ya mabega yako, uzito unahamia juu ya kichwa, na ukiteleza yeye anaanguka kutoka urefu wa mtu mzima na zaidi, kichwa kikitangulia. Tena matawi ya msituni yako kwenye usawa wa uso wake.

Akichoka kwenye njia ya kawaida, mbebe mgongoni kwa kitambaa imara au kibebeo chenye mikanda, karibu na mwili. Mahali pa mawe yaliyolowa mshushe. Atembee ameshikwa mkono, mtu mzima akiwa upande wa chini wa mteremko. Au akae chini ateleze kwa makalio; suruali itachafuka, basi.

---

MkondoChini

La maji nalichukua mimi, na nitakuwa mrefu kidogo kwa sababu kwenye matembezi kama haya hatari haiko kwenye zile kilomita 3. Iko kwenye mita 50 za mwisho.

Chini ya maporomoko kuna dimbwi. Maji yakianguka yanachimba sakafu, kwa hiyo kina hubadilika ghafla: hatua moja magotini, inayofuata shingoni. Yale maji meupe yenye povu yamejaa hewa, na maji yenye hewa nyingi hayambebi mtu vizuri, hata mwogeleaji hodari huzama zaidi kuliko alivyozoea. Halafu yanapoanguka huzunguka chini na kurudi kwenye ukuta, yakimvuta mtu kuelekea pale yanapoangukia badala ya kumtoa. Ongezea magogo yaliyonasa chini ambayo juu huyaoni. Kwa hiyo hakuna kuruka kutoka juu, hata kama kuna watu wengine wanaruka. Aliyeruka salama jana hajui gogo gani limeingia usiku.

Kusimama chini ya maji yanayoanguka nako kunaonekana raha tu. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Na maji hayaanguki peke yake. Mawe na vipande vya miti navyo vinapita juu kule na hushuka bila taarifa. Kaeni nje ya mstari wa kuanguka, na msitandike mkeka chini ya ukuta wa mwamba.

Watoto wacheze wapi? Shukeni kidogo kufuata mto, mtafute mahali ambapo sakafu inaonekana wazi, kina hakizidi goti la mtoto husika (siyo goti lako), na mkondo ni mpole. Kipimo chake: tupa jani majini, tembea ukingoni sambamba nalo. Likikuacha kwa mwendo wako wa kawaida, hapo hapafai. Kabla hawajaingia, angalia chini ya mahali hapo kuna nini. Kama kuna maporomoko mengine madogo, au magogo yanayochuja maji kama chujio, tafuta pengine. Mtu mzima mmoja awe ndani ya maji upande wa chini ya mkondo, hatua mbili kutoka kwa mtoto, simu iko kwenye begi.

Maji ya mto wa msituni huwa ya baridi hata siku ya jua. Mwili ukiingia ghafla, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama uso uko majini anavuta maji badala ya hewa. Waingie polepole, wajimwagie kwanza mikononi na usoni. Watoto hupoteza joto haraka kuliko watu wazima. Midomo ikianza kuwa ya bluu, au mtoto aliyekuwa anapiga kelele akinyamaza na kujikunyata, mtoe, mkaushe, mbadilishe nguo. Msisubiri aombe.

Jambo la mwisho, na hili halina mjadala: hakuna mtu anayepanda juu ya maporomoko, na hakuna anayevuka mto sehemu iliyo juu yake. Pale juu maji yanaonekana membamba na matulivu, mwamba umesuguliwa laini, na kuteleza mara moja hakuna marekebisho.

---

MpimaNjia

Naongezea kwa MkondoChini kuhusu kile kijito cha katikati, maana ndicho kinaweza kuwafungia upande usiotakiwa.

Mkifika hapo asubuhi, chagueni jiwe moja lenye alama na mpige picha maji yanapoligusa. Mkirudi mtajua kama yamepanda. Mvua inaweza kuwa imenyesha mlimani, nyie mko kwenye jua na hamjasikia hata ngurumo. Dalili za maji kuja ni maji safi kugeuka ya udongo, majani na vijiti vingi kuanza kuelea, na sauti ya mto kubadilika kuwa nzito. Mkiona hata moja, tokeni kwenye mto mara moja na mpande juu pembeni. Msikimbie kufuata mto kwenda chini, na vyombo viacheni.

Kuvuka kwenyewe: viatu miguuni, maana miguu mitupu haishiki na inakatwa. Mikanda ya kiunoni na kifuani ya begi ifunguliwe, ili ukianguka ulivue. Chagua mahali mto umetanuka, siyo palipobana. Penye upana maji ni mafupi na mapole. Geuza uso kule maji yanakotoka, tembea kiubavu, mguu mmoja ukishika ndipo mwingine uondoke. Watoto wavushwe mmoja mmoja, wakiwa upande wa chini ya mtu mzima ambapo mwili wake unavunja nguvu ya mkondo, na mtu mzima wa pili asimame chini yao zaidi. Maji yakizidi goti lako na yanakimbia, siku hiyo msivuke. Hata sentimita 15 za maji ya kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima.

Na kama yamepanda wakati mko ng'ambo, kaeni msubiri. Vijito vidogo vya milimani hupanda haraka na mara nyingi hushuka haraka pia mvua ikikatika. Ndiyo sababu mnabeba nguo kavu na tochi hata kwa safari ya asubuhi.

---

KibegiChepesi

Naona hakuna aliyegusa mzigo. Maji ya kunywa kwa saa 5: mtu mzima lita 2, mtoto wa miaka 10 lita 1.5, wa 7 lita 1, wa 4 robo tatu ya lita. Kwenu jumla ni lita 9 na robo, yaani zaidi ya kilo 9 kabla hamjaweka chakula. Gawaneni mapema. Mtoto asibebe zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wake, kwa hiyo wa kilo 30 mwisho wake ni kilo 3, na wa miaka 4 abebe filimbi tu. Wanyweshwe kidogo kila dakika 20 bila kusubiri kiu. Lita moja achieni kwenye gari ya kunywa mkirudi.

Maji ya maporomoko msinywe hivihivi. Kwamba maji yanayokimbia hujisafisha ni imani tu; wanyama wako juu kule, na vimelea haviogopi mwendo. Mkilazimika, chujeni kwa kitambaa safi, kisha mchemshe hadi yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Vidonge vya klorini vinahitaji kwa kawaida dakika 30 na haviui vimelea vyote, na maji machafu huvipunguza nguvu, kwa hiyo visomeni maelezo yake.

Orodha fupi ya begi langu (kila mtu ana yake): fulana kavu kwa kila mtoto ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, koti la mvua, tochi mbili, plasta na bendeji moja ya kufungia kifundo kilichoteguka, kibanio kidogo cha kutolea miiba na kupe, filimbi moja kwa kila mtoto, mfuko wa taka. Taulo moja nyepesi inatosha familia nzima. Suruali za jinzi ziacheni nyumbani. Zikilowa ni nzito na hazikauki.

Kupe: suruali ndefu, ncha zake ndani ya soksi. Mkifika nyumbani wakagueni watoto nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, nyuma ya magoti na kwenye mapaja kwa ndani. Akiwa amenasa, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja, bila kumzungusha, bila mafuta, bila moto. Ruba ni rahisi zaidi: pitisha ukucha chini ya mdomo wake umng'oe. Mkimwagia chumvi anaweza kutapika ndani ya kidonda.

Haja kubwa: hatua 80 hivi kutoka kwenye maji na njia, shimo la sentimita 15 hadi 20, lifukiwe, karatasi irudi na mfuko wa taka. Sabuni isiguse mto, hata ile iliyoandikwa kwamba inaoza.

---

MzaziWaWatatu

Nimeandika kila kitu. Mawili yamebaki. Bibi na goti lake, je abaki nyumbani? Na kule bondeni mtandao wa simu haupo; mtoto akipotea tunafanyaje?

---

KibegiChepesi

Bibi aende, ila na fimbo mbili, siyo moja. Kwenye tambarare urefu wake uwe ule ambao kiwiko kinakunja pembe mraba. Kwenye mteremko ziongezwe sentimita 5 hadi 10 ili zitangulie kabla ya mguu na zichukue uzito. Mikanda ya mkononi aivue mnapovuka kijito, ili fimbo ikinasa aiachie. Atembee wa pili kutoka mbele, na mwendo wa kundi uwe wake na wa mtoto wa miaka 4. Kwa goti lake sehemu ngumu ni kwenda, kurudi atawashangaza. Baada ya nusu saa ya mwanzo muulizeni goti likoje. Likiwa limeshaanza kuuma, mtu mzima mmoja ageuke naye taratibu kabla hawajafika kwenye kijito. Mtu mzima mmoja hatoshi kuvusha watoto watatu, kwa hiyo waliobaki waishie upande wa huku.

---

MkondoChini

Kuhusu mtandao: ramani ipakueni nyumbani, simu muiweke kwenye hali ya ndege, maana simu inayotafuta mtandao bondeni humaliza betri. Mwachieni mtu nyumbani jina la njia, namba ya gari, na saa ambayo akiwa hajasikia kwenu aanze kutafuta msaada. Kwa ratiba yenu ningesema saa 10 jioni.

Kutembea, mtu mzima mmoja mbele na mmoja nyuma, watoto katikati, na kila panapogawanyika njia wa mbele anasimama hadi wote wafike. Nguo za rangi kali, chungwa au njano. Kijani na kahawia hupotelea kwenye majani hatua kumi tu kutoka njiani.

Watoto wafundisheni kabla ya kuondoka: ukiona hutuoni, kumbatia mti ulio karibu, usiondoke hapo, piga filimbi mara tatu, pumzika, rudia. Mjaribu nyumbani mara mbili tatu. Na muwaahidi kwamba hawatagombezwa, kwa sababu mtoto anayeogopa kugombezwa hujificha hata akisikia anaitwa. Ila karibu na maporomoko filimbi haisikiki vizuri, maji yanaifunika. Pale msitegemee sauti kabisa, kila mtoto awe na mtu mzima wake aliyetajwa kwa jina, na mnapobadilishana zamu mnaambiana kwa mdomo: "Sasa huyu ni wako."

---

MpimaNjia

Picha ya familia pigeni mkiwa mmesimama upande wa chini, kwenye kokoto kavu, mpiga picha asirudi nyuma bila kugeuka. Mkitaka maji yatoke kama pamba, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) iwe kati ya robo sekunde na sekunde moja, simu imeegemezwa kwenye jiwe, na mwanga wa mawingu ni bora kuliko jua kali. Futeni lenzi kila baada ya picha mbili, manyunyu yanailowesha bila nyie kuona.